Mafuta Kutoka Nkololo

Dresden, Ujerumani
9 Oktoba 1994

Kaka Mboje,

Mwangaluka. Nakusalimu wewe, wifi Felisita na Flora wenu, ambaye nasikia siku hizi anafukuza mbuzi wa watu peke yake. Mimi mzima, ila baridi imewahi kuingia mwaka huu. Mama mwenye nyumba ananicheka akinikuta jikoni nimevaa masweta mawili. Umesema mvua za kwanza zimenyesha huko. Mlime mapema.

Kile kipande cha wavu wa chuma ulichokikata kwenye tangi kuukuu la kinu kimefika salama. Padre Joakim wa parokia yetu, ambaye safari zake za huku haziishi, alikileta mwenyewe mpaka mlangoni, amekifunga kwenye gazeti kama samaki. Profesa wangu alikigeuzageuza, akauliza, "Hiki ndicho chuma cha kwenu?" Nikamjibu ndicho, na kaka yangu ni fundi wa mitambo hukohuko kinuni.

Uliniomba nieleze kazi yangu kwa maneno ambayo hata wifi atayaelewa. Ngoja nijaribu. Mafuta ya mbegu za pamba yakitoka kinuni ni ya majimaji, na wenye viwanda vya sabuni wanayataka magumu. Ili yagande, yanapitishiwa gesi ya haidrojeni, lakini gesi hiyo haishikani na mafuta bila metali ya kuichochea. Kwa kawaida wanatia unga wa nikeli. Ubaya wake, unga unachanganyika na mafuta, kuuchuja ni kazi, na mwingi unapotea. Mimi nataka nikeli ikae juu ya chuma chenyewe, isitoke. Nasafisha wavu kwa magadi na asidi, nautumbukiza kwenye maji yenye chumvi ya nikeli, halafu napitisha umeme. Nikeli inatoka majini na kushika chuma. Ukiuacha umeme upite mfululizo unapata tabaka zito linalong'aa kama kengele ya baiskeli, zuri kwa macho tu. Ukiukatakata, ukawa unapita kidogo na kuacha, unapata chembe ndogo mno, nyingi mno, ambazo darubini ya kawaida haizioni. Hizo ndizo ninazozitaka, kwa sababu gesi inaifikia nikeli kutoka kila upande.

Hapa nimekuwa nikitumia mafuta ya dukani, yaliyosafishwa sana. Sasa nataka kujaribu mafuta ya kinu chetu, yalivyo, maana ndiyo ninayoyasomea. Hata dumu dogo litatosha.

Mdogo wako,
Evalina


Nkololo, Bariadi
27 Novemba 1994

Mdogo wangu Evalina,

Sisi huku tunaendelea. Yule ng'ombe mwenye baka jeupe amezaa, dume tena. Tumepanda mahindi na pamba inachipua vizuri. Flora hafukuzi mbuzi tena, tangu beberu wa Mzee Shija alipomgeukia.

Barua yako niliisoma kwa sauti wifi yako akipepeta mtama. Nilipofika kwenye chembe ambazo darubini haizioni akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Akauliza, "Sasa yeye amejuaje kama zipo?" Nikamwambia hiyo ndiyo sababu wamempeleka Ulaya. Anasema nikuandikie hivi, neno kwa neno: "Wifi, siku ya kurudi angalia usizisahau hizo chembe zako huko, maana hatutajua kama umezileta." Kacheka mwenyewe mpaka mtama ukamwagika.

Dumu la mafuta nimemkabidhi Padre Joakim. Ni ya kinuni, kama ulivyotaka.

Kuhusu kinu, kipo. Msimu huu wanunuzi binafsi wameanza kuja na malori yao. Wanalipa papo hapo, na watu wamefurahi kwa sababu ushirika ulikuwa unawazungusha. Pamba inaondoka na mbegu zake. Pale Dutwa maduka yamejaa mafuta ya mawese ya ng'ambo kwenye madumu ya njano, bei ndogo. Lakini kinu kipo, usitie shaka. Wewe soma.

Kaka yako,
Mboje


Dresden
12 Februari 1995

Kaka Mboje,

Nimefurahi kusikia habari za ndama, na nimemhurumia Flora. Huku theluji imefika magotini. Niliteleza mbele ya kanisa, wazee watatu wakakimbilia kuniinua, na mmoja wao akaanguka pia.

Mwambie wifi swali lake lilikuwa zuri kuliko maswali mengi ninayoulizwa hapa. Tuna darubini nyingine, kubwa kama kabati, haitumii mwanga. Nimeweka picha ndani ya bahasha hii. Hivyo vidoti vyeupe ndizo chembe zangu, na hayo meusi ni chuma chako cha kinuni.

Sasa kazi. Mafuta yenu yaliganda vizuri mara ya kwanza, meupe, nikaita watu waje waone. Mara ya pili yakaganda kidogo. Mara ya tatu yakabaki majimaji kama yalivyoingia. Nilidhani nikeli imebanduka, kumbe ipo palepale, ila imefunikwa. Kuna utomvu ndani ya mafuta yetu unaozishika chembe na kuziziba. Ya dukani hayafanyi hivyo. Nikiweza kuushinda utomvu huo, nitakuwa nimefanya kitu kwa ajili ya watu wa kwetu hasa.

Dumu limekwisha. Nahitaji mafuta mengine ya kinuni, mengi kidogo, na nayahitaji haraka. Kabla ya Julai. Tafadhali, kaka, fanya kila uwezalo.

Evalina


Nkololo
2 Aprili 1995

Mdogo wangu,

Tumepokea barua na picha. Mvua ni kubwa mno, mto unajaa na kupungua, na basi la Bariadi linakuja likijisikia. Flora ameanza kuhesabu, ila akifika sita anarudi mbili.

Felisita ameibandika ile picha ukutani, karibu na picha ya Bikira Maria. Wageni wakiuliza ni nini anawaambia ni shamba la wifi yangu. Kwangu anasema chembe zako zinafanana kabisa na ule mtama alioumwaga.

Mafuta utayapata. Kinuni wana matengenezo kidogo, ndiyo maana sikutuma mapema. Lakini wifi yako ana mpango wake, na amenikataza kuuandika, basi siandiki. Anasema hivi tu: "Mwambie hatashindwa mtihani kwa kukosa mafuta, na sisi tumelala juu ya pamba."

Mboje


Dresden
4 Juni 1995

Kaka,

Mko wazima? Sijapata neno tangu ile barua ya Aprili. Najua barabara ya kwetu wakati wa masika, kwa hiyo sijajitia hofu bado. Hapa miti imechanua na watu wanakula nje.

Nauliza tu habari ya mafuta. Na huo mpango wa wifi ni upi? Umenifanya nicheke peke yangu kwenye tramu.

Evalina


Nkololo
16 Julai 1995

Evalina,

Barua zako zimefika. Njia ilikuwa haipitiki. Flora hajambo. Ng'ombe wapo. Pamba tumeichuma na imenunuliwa.

Mwandiko usikushangaze, anayeandika ni Mwalimu Kristofa. Mimi nina kidonda mikononi, kinapona.

Mafuta ni haya, chupa mbili. Padre Joakim amekubali kuyabeba. Yatumie.

Kaka yako,
Mboje


Dresden
10 Septemba 1995

Kaka Mboje,

Pole na kidonda. Umejikata na nini? Mwalimu Kristofa ana mwandiko mzuri, lakini anaandika kama mtu wa simu ya maandishi, kila neno analilipia.

Nitakuwa mkweli kwa sababu hii ni kazi. Mafuta mliyonitumia safari hii hayakufaa. Yana maji, yana majivu, na yananuka moshi. Niliyachuja mara mbili nikayatia hivyohivyo, maana muda ulikuwa umekwisha, nayo yakaziba nikeli yote palepale kwenye kipande cha mwisho cha wavu wako. Sijui yamepita kwenye kinu gani. Niliyamwaga yote yaliyobaki kwenye pipa la taka za maabara na chupa nikazirudisha kabatini. Usihangaike tena kutuma, nitamalizia na ya dukani.

Usione nimekasirika. Nilikasirika siku ile, sasa nimepoa.

Kilichonisumbua zaidi ni kwamba barua yako haikuwa na neno la wifi. Sijawahi kupata barua kutoka Nkololo isiyokuwa na utani wake. Ameninunia? Mwambie aseme alilonalo, niko tayari kuchekwa.

Evalina


Dresden
19 Novemba 1995

Kaka,

Ni miezi miwili sasa. Wiki iliyopita nilikutana na kijana wa Mwanza anayesoma Berlin. Nikamtajia kinu chetu, akasema, "Kile? Kile kilikufa zamani." Basi najua. Sikulaumu kwa hilo, wala sitauliza kwa nini hukuniambia.

Lakini nimempigia simu Padre Joakim, tangu alete zile chupa bado yuko kwa watawa wa Münster. Nikamuuliza, "Padre, wifi yangu hajambo?" Aliniuliza kwanza barua ya mwisho kutoka Nkololo niliipata lini. Halafu akasema, "Muulize kaka yako, mwanangu. Ni lazima akwambie yeye."

Nakuuliza. Felisita yuko wapi?

Evalina


Nkololo
31 Desemba 1995

Mdogo wangu Evalina,

Nakuandikia kwa mkono wangu. Vidole viwili havikunjiki, ndiyo maana herufi zimelala. Flora mzima. Yuko hapa, anachora chini kwa kijiti.

Felisita hayupo. Alitutoka mwezi wa tano.

Nitaeleza tangu mwanzo, nisipofanya hivyo sitamaliza. Kinu kilisimama kabla hata hujaniandikia habari za wavu. Mafuta yale ya kwanza niliyakinga chini ya tangi, ndiyo yaliyokuwa yamebaki. Karatasi zako za masomo zilisema unasomea kinu chetu. Nikawaza, wakijua hakipo watakurudisha. Tangu wazee wetu watutoke nimekuwa nikisema huyu lazima afike mwisho. Basi nikasema kinu kipo.

Ulipoandika kwamba unahitaji haraka, nilitaka kukwambia kweli. Felisita akasema, "Ya nini? Mafuta si yamo ndani ya mbegu? Kinu ni cha kurahisisha tu. Kwetu Nassa mama alikuwa anatwanga karanga, anachemsha, anaengua mafuta, tunakaangia samaki." Tulikuwa na mbegu zilizobaki kwenye kupanda. Alizitwanga, akapeta maganda, akatwanga tena. Kazi ngumu, mbegu ya pamba si karanga. Chupa ya kwanza ilipojaa aliishika juani akasema, "Tazama, rangi ileile." Akajaza ya pili. Nikamwambia zinatosha. Akasema, "Kasema mengi kidogo. Mbili si mengi."

Asubuhi ile alikuwa anakausha maji yaliyobaki ndani ya mafuta, kwenye sufuria kubwa. Mimi nilikuwa uani nafunga ndama. Yaliumuka yakafurika, yakashuka kwenye moto. Moto ulipanda ukamshika khanga. Nilisikia sauti, nikaingia, nikamfunika kwa gunia. Ndipo mikono yangu ilipoungua. Jiko lote liliteketea. Flora alikuwa kwa jirani, tunamshukuru Mungu.

Hospitali walifanya kila walichoweza, siwezi kuwasema vibaya. Alikaa siku chache. Tumemzika hapa Nkololo.

Zile chupa mbili zilikuwa kwenye nyumba kubwa, juu ya kabati. Sikuweza kuzimwaga. Wala sikuweza kuamka kila siku nikaziona. Nikampa Padre.

Barua yako ya Septemba alinisomea Mwalimu Kristofa, kwa sababu mikono ilikuwa bado imefungwa na machozi hayakuwa mbali. Alipofika mahali ulipoandika kwamba umeyamwaga, aliishusha barua akanitazama. Nikamwambia, "Endelea, mwalimu." Akaendelea mpaka mwisho, hadi pale unapouliza kama amekununia.

Sikulaumu. Hukujua, na hukujua kwa sababu sikukwambia. Ila nakuomba jambo moja. Usiniandikie tena habari za mafuta.

Mboje


Dresden
25 Februari 1996

Kaka yangu,

Nimeanza barua hii nikaichana, nikaanza nyingine nikaichana. Nikiandika pole naliona neno lenyewe dogo. Nikiandika samahani, naona nakutwisha kazi ya kunijibu.

Umeniomba nisikuandikie habari za mafuta. Niruhusu mara hii moja, halafu basi. Nilirudi maabara siku ileile. Nilitafuta kama kuna tone lolote lililobaki, hata kwenye kizibo. Pipa huchukuliwa kila wiki. Chupa zilikwishatumiwa na mwenzangu, ndani kulikuwa na asidi. Ningeweza kukwambia nimepata kidogo nikayaweka. Sikupata kitu.

Na mimi nilikuficha jambo. Nilipoandika nayahitaji haraka, sikusema kwa nini. Profesa alikuwa ameniambia fedha za masomo zinaisha Julai, na bila kuonyesha kitu kipya nitarudi mikono mitupu. Niliona aibu kukuandikia. Ningeandika, wewe ungeniambia habari za kinu, na Felisita angebaki na mtama wake. Nalizungusha hilo kichwani kila siku.

Mwishowe profesa aliniombea miezi michache, na kazi imekubaliwa. Wamenipa mkono, wamenipa maua. Walikuwa wanapiga makofi, nami natazama mlango. Nimepata nafasi ya kufundisha Dar es Salaam. Nitafika nyumbani mwezi wa nane.

Kaka, katika barua yako umeandika kuhusu moto, na jiko, na mikono yako. Kuhusu zile siku za hospitali umeandika mstari mmoja. Mama yake aliwahi kufika? Baba yake, Mzee Kasmiri, je? Nassa wanajua nini?

Evalina


Nkololo
14 Aprili 1996

Mdogo wangu,

Hongera kwa kumaliza. Nimesema kwa moyo, usidhani nimeandika tu. Siku niliyopata barua nilimwambia Flora, "Shangazi yako amekuwa daktari." Akauliza kama anachoma sindano.

Mvua si mbaya. Kinu amekinunua mfanyabiashara mmoja. Hakukinunua akitengeneze, anakata mitambo na kuuza kama chuma chakavu. Alitaka mafundi wanaoijua, nikaenda. Siku waliyofika kwenye lile tangi la wavu niliweka chini zana zangu nikatoka. Sijarudi.

Uliuliza habari za Nassa. Mzee Kasmiri na mama walikuja siku ya maziko, wameloa, walishuka njiani mara kadhaa kusukuma gari. Mzee aliniuliza, "Mwanangu alikuwa anafanya nini?" Nikasema alikuwa anapika. Akatikisa kichwa, hakuuliza tena. Sikusema anapika nini, wala kwa ajili ya nani. Niliona nikitaja jina lako pale, mbele ya watu wote wale, utakuwa umekwishahukumiwa na hupo.

Tangu siku ile sijakanyaga Nassa. Mama ametuma watu mara mbili, anamwomba Flora akakae nao kidogo. Nimejibu kwamba njia ni mbaya. Wakati wa kiangazi pia nilijibu kwamba njia ni mbaya.

Lile la hospitali sitalijibu.

Mboje


Nassa
8 Agosti 1996

Kaka Mboje,

Usishtuke kuona barua imetoka hapa. Nilishuka Mwanza nikapanda basi la Musoma badala ya kuja kwako. Niliona nikifika Nkololo kwanza utanikataza. Anayekuletea ni Dastan, anayeuza dagaa Bariadi. Amesema atakufuata mpaka nyumbani.

Niliwakuta mama anaanika dagaa na mzee yuko kivulini anabishana bei na madalali. Hawakunitambua. Nilipotaja jina langu mama alinikumbatia, akaniita mgeni wa Felisita. Hapo nusura nikae kimya kama wewe.

Madalali walipoondoka nikasema, "Baba, Felisita hakuwa anapika chakula. Alikuwa ananichemshia mimi mafuta ya pamba, ya kazi yangu ya Ulaya. Kinu kilikuwa kimefungwa, mimi sikujua, nikawa nasukuma yaje haraka."

Mzee akauliza, "Mafuta ya kufanya nini?"

Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe, habari za gesi na nikeli na chuma. Alisikiliza kila kitu, akaniuliza mambo mawili matatu ya maana. Halafu akasema, "Yalikufaa?"

Nikasema, "Hayakufaa, baba."

Aliinuka akashuka mpaka ziwani. Chakula kilipoa hajarudi. Mimi nilikaa na mama. Hakulia. Aliendelea kugeuza dagaa wake kwa mkono, polepole, akasema, "Nilimfundisha mimi. Karanga. Nilimwambia, ukifika kwenye kukausha maji, punguza kuni, usiondoke, yanaumuka. Alikuwa na haraka tangu mdogo." Kisha akaniuliza, "Nani alikuwa naye hospitali?"

Nikasema, "Mboje."

"Basi maneno yake ya mwisho anayo Mboje. Mbona haniletei?"

Nikamwambia hata mimi hukuniambia.

Mzee aliporudi alisema hataki ng'ombe wa fidia wala hataki kuombwa radhi, na kwamba nimefanya vyema kuja mwenyewe. Hakusema zaidi, na mpaka leo hajanitazama usoni. Mama amenitandikia kitanda alichokuwa akilalia Felisita kabla hujamwoa. Ameniambia, "Kaka yako aje. Aje na mtoto. Mimi nataka kuelezwa tu."

Sitakuja Nkololo mpaka uje hapa. Njoo, kaka. Njia ni kavu.

Evalina


Nkololo
10 Agosti 1996

Evalina,

Dastan amenikabidhi barua. Anasubiri nje, atatutangulia na hii. Flora amekwishaoga, amevaa gauni la Pasaka, amekaa juu ya mfuko wa nguo anaogopa nisije nikamwacha.

Nakuandikia lile la hospitali sasa, ili usilisikie mara ya kwanza mbele ya watu.

Felisita alikuwa anamwita mama yake. "Mayu, mayu," mchana kutwa, hata alipokuwa hanitambui mimi. Akili ikimrudia ananiuliza, "Umetuma mtu Nassa?" Nikasema nimetuma. "Mama amefika wapi?" Nikasema yuko Lamadi, wanasubiri maji yapungue. Kesho yake akauliza tena, nikasema amefika Dutwa. Sikuwa nimetuma mtu. Mwanzoni nilijua atapona, na nilitaka tuje Nassa wote wawili, amsimulie mama mwenyewe na kumwonyesha makovu, acheke. Nilipojua haponi, hakukuwa tena na siku ya kutuma mtu.

Jioni ya mwisho alisema, "Nisogeze, niweke vizuri, mama asije akanikuta nimelala hivi." Nikamsogeza. Nikamfunika shuka, nikamfuta uso. Akawa anatazama mlango.

Sasa unajua kwa nini njia ya Nassa ilikuwa mbaya.

Tunapanda basi la kesho asubuhi. Mama usimwambie lolote, niachie mimi. Ninakuja kumwambia kwamba aliitwa.

Mboje